Shimo la Moshi la Haboba Medina

Juzi nilikaa katika chumba cha Haboba Medina naye hayumo, na sikujua niweke wapi mikono yangu. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, migongo ukutani, na hewa ilikuwa nzito kwa ubani na chai ya tangawizi. Saida, mjukuu wake, aliyenipigia simu asubuhi kuniambia kwamba Haboba ameaga dunia, alinisogezea sahani ya gurusa, ile chapati nyepesi ya Wanubi wa Kibera, akaninong'oneza, "Kula, Nafula. Ukikataa chakula hapa atafufuka akugombeze." Nikacheka. Kisha nikaogopa kwamba nimecheka msibani. Kisha nikamwona Saida mwenyewe anacheka huku machozi yanamshuka hadi kidevuni, nikatulia. Ndivyo nilivyo, sitaficha. Hata huzuni naifanya kama mtihani. Namchungulia jirani kuona kama jibu langu linafanana na lake. Mtu mmoja tu aliwahi kunikataza tabia hiyo, na alinikataza kwa mwaka mzima, tukiwa tumekaa kando ya mtaro.

Mambo ya kwetu na ya wazazi nitayaruka, hayana kazi hapa. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne na hakwenda chuo, ninaishi katika chumba kimoja Kawangware 56, mtaa wa Nairobi, nyuma ya duka la hadiwea, ambako kila asubuhi niliamshwa na mlio wa mabati yanayokatwa. Mambo ya udongo na vipimo nilijifunza mwenyewe, kutoka kitabu kisicho na jalada nilichonunua kwenye gunia la muuza vitabu pale steji, na kutoka video nilizozitazama kwenye simu hadi ikawa moto mkononi. Nilikuwa najua maneno mengi ambayo sikuwahi kumsikia mtu akiyatamka. Kwa hiyo nilipoitwa kwa mahojiano katika ofisi ya serikali ya mambo ya kale nilisema kila neno kwa hofu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na mkuu wa kitengo, mama wa Machakos aliyeitwa Madam Mwikali, aliniangalia kwa muda halafu akasema, "Wewe unasoma sana. Unalala saa ngapi?" Nikapata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sehemu ya Kibera ilikuwa imepewa Wanubi kama ardhi ya jamii, hati moja kwa watu wote, baada ya wao kuishi pale vizazi na vizazi huku wakiambiwa ni wageni. Kwa kuwa ni ardhi ya namna hiyo, mtu hakuweza kuingia tu na sururu. Yeyote aliyetaka kuvunja ardhi pale, hata kama ni kwa faida ya wote, alichimba chini ya macho ya serikali, na sharti lilikuwa moja lisilo na mzaha: hakuna jembe linaloshuka bila waangalizi wawili kuwepo, mmoja wa ofisi na mmoja wa jamii. Kikitokea kitu, mfupa, kigae, mawe yaliyopangwa, kazi inasimama na ofisi inaitwa. Mwaka ule bomba la majitaka lilikuwa linapitishwa kati ya nyumba, na mwangalizi wa ofisi nilikuwa mimi, ndani ya jaketi la riflekta lililonifika magotini.

Watu wa mjengo waliniita Serikali. Msimamizi wao, Omosh, mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiri, hakukosa la kunirushia. "Serikali! Njoo haraka, tumepata kale!" Nikikimbia nakuta ameshika soli ya kiatu. "Hii ni ya mfalme gani?" Vijana wanaangua kicheko, nami naichukua ile soli, naigeuza, naipima kwa rula kabla ya kuitupa, jambo lililowachekesha zaidi. Sikuweza kuacha. Niliamini kwamba siku nitakayoacha kupima ndiyo siku kitu cha kweli kitapita mbele yangu, na ulimwengu wote utajua kwamba Nafula alijifundisha vibaya.

Mwangalizi wa jamii nilitegemea awe mzee wa kanzu na fimbo. Baraza la wazee likamleta Haboba Medina. Kwao haboba ni nyanya, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuja na kiti chake mwenyewe, amejifunga gurbaba ya maua makubwa, akakiweka kiti kwenye kivuli cha ukuta, akaketi, akanitazama nikizunguka mtaro kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Wewe binti," akasema, "unatafuta nini?"

"Naangalia, Haboba."

"Unaangalia au unaogopa?"

Akaita nyumbani kwake waniletee kigoda. "Kaa. Ardhi haikimbii. Sisi tumeikalia miaka yote hiyo, ingetaka kukimbia ingeshakimbia."

Tukakaa. Naweza kusema mwaka ule nilikaa kuliko nilivyowahi kukaa maishani. Mchana, Omosh na vijana wake walipokwenda kula githeri kwa mama wa kona, Haboba alinivuta ndani kwake. Chumba kilikuwa na giza la kupendeza. Ukijitoa kwenye jua unaona kwanza vyombo, bakuli za maua zimepangwa kabatini kama wageni wa harusi, kisha vifuniko vya chakula alivyosuka mwenyewe, vya rangi, vimetundikwa ukutani, na mwisho kabisa unaiona sinia iliyokwisha kutengwa. Kisra, mkate mwembamba wa kuchovya, na mchuzi wa bamia, au nyama iliyokaukia kwenye kitunguu. Alinifundisha kula na kiganja kikiwa kisafi, nikajifunza kwa bidii ya ajabu, hadi akanipiga kidole: "Wacha kuhesabu matonge! Kula kama mtu." Ukuta wa pili ulikuwa wa udongo na mbao, na nyuma yake waliishi wapangaji wake kutoka Vihiga, mume na mke waliogombana kwa Kiluhya, lugha ya kwetu, wakidhani hakuna anayewasikia. Haboba alikuwa akiniuliza, "Amesema nini leo?" nami namtafsiria: amesema yule bwana anakoroma kama posho mill. Haboba anacheka hadi anakohoa. Akikutana na yule bwana jioni anamwambia kwa upole, "Mwanangu, ulale ubavu."

Saida alikuwa akisuka nywele katika saluni moja Kawangware 56, karibu na kwangu, na kwa sababu hiyo tukawa marafiki. Alikuwa ameposwa, harusi ilikuwa imepangwa. Haboba alipolitaja jambo hilo uso wake uliwaka. "Kuna kitu nitamfanyia Saida," alisema mara nyingi. "Nilichofanyiwa mimi. Mama yake alifanyiwa palepale." Nikimwuliza ni kitu gani, ananijibu, "Wewe hujaolewa, utajuaje?"

Asubuhi moja Haboba alikwenda kliniki ya macho upande wa Olympic. Baraza likamtuma Mzee Ramadhani, mwenyekiti wake, kushika nafasi ya mwangalizi wa jamii, mzee safi sana, kofia yake nyeupe kama karatasi. Siku hiyohiyo Omosh alilazimika kuusogeza mstari wa mtaro kidogo, kwa sababu ukuta wa wapangaji ulikuwa umeanza kuinama. Nililikagua badiliko hilo, nikalipima, Mzee akakubali, kazi ikaanza. Sururu ikagonga jiwe bapa. Chini ya jiwe kulikuwa na uwazi.

"Simameni!" nilipiga kelele, na sauti yangu ikanishangaza, maana ilitiiwa.

Chungu kilikuwa kimezikwa wima hadi shingoni. Mdomo wake ulizungushiwa pete ya udongo iliyolainishwa vizuri, kwa kiganja cha mtu, hadi ikang'aa. Ndani, majivu na vipande vya makaa. Hakuna aliyetania. Hata Omosh alivua kofia. Nami, nitasema ukweli, nilikuwa na furaha ambayo sijui kuielezea kwa mtu aliyesoma njia ya kawaida. Kile kitabu kisicho na jalada kilikuwa na picha ya chungu kilichozikwa hivyo. Nilifunga utepe wa njano na nyeusi kwenye vigingi, nikapiga picha kutoka kila upande, nikampigia Madam Mwikali. "Usiguse," alisema, na nikasikia kiti chake kikiburutwa. "Kuna watu wa zamani walizika watoto wachanga ndani ya vyungu. Inaweza kuwa kaburi. Inaweza kuwa meko ya kale. Nakuja Alhamisi. Mpaka nije, mtu yeyote asiingize hata kidole." Mzee Ramadhani alikuwa amesimama kando yangu, amekunja mikono. "Kale," alisema polepole, kama anayeonja tende. "Hapa, kwetu. Kale."

Haboba alirudi alasiri, jicho moja limefungwa bandeji. Akauona utepe, akasogea, akainama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, hadi wapangaji wa Vihiga wakatoka kuona.

"Nani amesema kaburi?"

"Ofisi, Haboba. Inawezekana ni—"

"Hilo kaburi lenu nimelikalia mwenyewe! Tena bila nguo!"

Mzee Ramadhani aligeuka akaangalia mbali, na sijawahi kumwona mtu mzima akitamani hivyo kuwa mahali pengine. Haboba alinishika mkono akaniingiza ndani, akafunga mlango, akanieleza. Lilikuwa shimo la dukhani. Chumba cha wanawake cha nyumba yake ya kwanza kilikuwa palepale, kabla nyumba haijarudishwa nyuma kupisha njia. Mwari hukandwa mafuta, hufunikwa blanketi zito hadi shingoni, hukalishwa juu ya shimo ambamo kuni za mgunga zinafuka bila mwali, na moshi humwingia ngozini mpaka jasho limtoke na rangi imwive. Mke naye hurudia, kila anapotaka kumkumbusha mumewe jambo. Haboba alikaa pale akiwa mwari. Mama yake Saida alikaa pale. Mume wa Haboba alipokufa, yeye alilifunika kwa jiwe bapa, nyumba ikahama, watu wakapita juu. Na wanaume? Hawakulijua. Mwanamume gani angeingia chumba kile? Mzee Ramadhani ameoa, ameoza mabinti, ameunusa moshi huo maisha yake yote, na hajawahi hata mara moja kuliona tundu unakotokea.

"Nilitaka kulifungua kwa ajili ya Saida," alisema, na kicheko kikamwisha. "Mstari wenu ulikuwa unapita kule. Sasa umekuja huku."

Hapo ndipo nilipouelewa ule mtego. Ofisi ikisema shimo ni kale, litalindwa, na hakuna atakayeruhusiwa kuwasha hata kijiti ndani yake, hata mwenyewe. Ofisi ikisema si kale, utepe unafunguliwa na sururu inapita siku hiyohiyo. Kwa vyovyote Saida hatakaa pale. Na aliyefunga utepe, kwa mafundo mazuri ya kitabuni, ni mimi.

Kesho yake mchana nilikuwa nakula peke yangu chumbani kwa Haboba. Yeye ametoka nje kuongea na Mzee Ramadhani, na ukuta ule haukujua siri. Nilimsikia Mzee akianza kwa sauti ya chini, ya heshima.

"Mama Medina, nisikilize. Alhamisi yule mama wa serikali akija, wewe nyamaza tu."

"Ninyamaze nini?"

"Wakiandika hapa kuna kale, ni nani atatuambia tena kwamba tulikuja juzi? Kaburi ni kaburi. Mtu haulizwi kitambulisho akiwa na makaburi."

"Kaburi la nani, Ramadhani?"

"Si lazima lijulikane."

Nilishikilia tonge hewani.

"Mimi nilikuwa mwari pale," Haboba alisema. "Niliimbiwa pale. Sasa unataka niwe maiti ndipo ardhi iwe yetu? Nikiwa hai siwatoshi?"

"Si hivyo, dada."

"Ni hivyo. Tumezoea. Tukitaka kuonyesha sisi ni wa hapa tunawapeleka watu makaburini. Na mimi niliye hai hapa, na viatu vyangu miguuni, naonyeshwa kwa nani?"

Mzee hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Alikuwa amezunguka maofisi tangu ujana, ameambiwa njoo kesho hadi nywele zikawa nyeupe, na chungu kile kilikuwa jibu la kwanza alilowahi kuletewa na ardhi yenyewe. Nilimsikia akipumua. "Basi, Medina," alisema, "na mtaro ukipita, utabaki na nini?" Haboba alipoingia hakunitazama. Alikaa, akachukua kifuniko alichokuwa akisuka, akakosea mshono, akaufumua.

Jioni nilipita salunini. Saida alikuwa na kichwa cha mteja mapajani, uzi mdomoni.

"Sasa, Serikali. Mbona umenuna hivyo?"

Nikamweleza. Akautoa uzi mdomoni.

"Manze, hata mimi sikuwa nataka hiyo moshi. Nilimwambia nitaenda spa kama watu. Ninuke nyama choma kwa harusi yangu?" Mteja akacheka. Saida hakucheka. "Lakini amekuwa akiniambia juu ya hiyo shimo tangu nikiwa mtoi. Akinichana nywele. Akinipikia. Hii kitu ndiyo pekee ananiachia, Nafula. Si uongee na serikali?"

"Serikali ni mimi."

"Basi jiongeleshe."

Sikulala vizuri siku zile. Niliandaa maneno ya kumwambia Madam Mwikali, nikayapanga, nikayapangua. Niliogopa kwamba nikisema chungu kina mwenyewe nitaonekana mjinga aliyesimamisha mradi kwa ajili ya shimo la nyumbani. Niliogopa zaidi kwamba nikinyamaza nitasifiwa. Sifa hiyo niliihitaji, nakiri, kama mtu wa kiu anavyohitaji maji. Hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuniambia nimefanya vyema.

Alhamisi Madam Mwikali alifika na brashi na mto wa kupigia magoti. Aliinama muda mrefu. Alipoinuka alisema mbele ya wote, "Kazi safi sana, Nafula. Hata waliosoma hawafungi eneo hivi." Ndiyo hiyo sifa, ikanijia palepale, kichwa kikanivimba. Kisha akauliza, "Kuna mtu anayejua lolote kuhusu mahali hapa?"

Mzee Ramadhani aliangalia kofia mikononi mwake. Omosh aliangalia mbingu. Haboba alikuwa kwenye kiti chake, na macho yake yote mawili, lile lenye bandeji na lililo wazi, nilihisi yamenielekea, lakini hakusema. Alikuwa akiningoja. Au labda alikuwa amechoka, sitajua kamwe. Maneno yote niliyoyapanga yakaniponyoka, nikabaki na machache.

"Madam, si kaburi. Mwenyewe ni huyu hapa."

Haboba akainuka. Hakwenda kwa Madam, alikwenda nyumbani kwake, akatoka na kuni kadhaa za mgunga chini ya kwapa na mkeka wenye tundu katikati. "Wanaume, tokeni," akasema.

"Haboba, hii ni saiti," Omosh akajaribu.

"Saiti ya nani? Toka!"

Wakatoka, hata mwenyekiti wa baraza. Haboba alimwonyesha Madam Mwikali kila kitu, kuni zinawekwaje, mkeka unalalaje, blanketi linazibwaje shingoni ili moshi usipotee. Madam alikuwa amekaa juu ya ule mto wake wa magoti kama mwanafunzi.

"Inauma?" aliuliza.

"Inachoma kidogo mwanzoni. Ndoa pia."

Madam alicheka hadi akajifuta macho kwa kiwiko. Kisha akaigusa ile pete ya udongo kwa kidole kimoja. "Hii umeilainisha wewe?"

"Mama mkwe wangu. Mimi niliongezea."

"Mama, nitakuambia ukweli. Kitu chenye mwenyewe aliye hai siwezi kukilinda kama kale. Na mstari siwezi kuurudisha, ukuta wa wapangaji utawaangukia watoto." Akavuta pumzi. "Lakini sheria inasema tusivuruge matumizi ya jamii, na siku ya kuendelea kuchimba naipanga mimi. Harusi ni lini?"

Haboba akamtajia.

"Basi utepe ubaki. Harusi ikiisha, tunachimba."

Haboba alifikiri. Nilimwona akipima alichopewa na anachonyang'anywa, kwa utulivu ambao sijawahi kuwa nao mimi. "Nipe harusi," akasema.

Siku ya moshi wanawake walijaza uchochoro. Vigingi vyangu na utepe wangu vilitundikwa leso na mashuka pande zote hadi vikawa chumba, na ndani ya chumba hicho cha serikali mwari akakalishwa. Wanawake waliimba kwa Kinubi na kupiga vigelegele. Mke wa Vihiga alipanda juu ya ndoo kuchungulia, akavutwa ndani akapewa kazi ya kupepea. Saida aliingia akilalamika na simu mkononi. Akanyang'anywa simu. Alipotoka alikuwa amelowa jasho, shavu linang'aa kama mbao iliyopakwa mafuta. Alikwenda moja kwa moja kwa nyanya yake akamlalia begani, na Haboba akamshika kisogo, hivyo tu, kwa muda mrefu, katikati ya kelele zote. Niliomba nami nijaribu. Wakapiga kelele: hajaolewa! Haboba akakata shauri. "Mikono tu. Mengine angoje bwana." Nikanyoosha mikono juu ya tundu, ile mikono yangu isiyojua pa kukaa, na moshi ukaipita vidoleni, wa moto, mtamu, mzito. Kawangware walinusa harufu hiyo kwangu kwa siku nyingi. Mwenye nyumba aliuliza kama nimeanza kuchoma makaa.

Tulichimba wiki iliyofuata, harusi ikiwa imekwisha. Omosh hakumruhusu kijana yeyote. Aliingia mwenyewe, akaondoa udongo kuzunguka chungu kwa mikono, huku akiongea nacho kama mkunga. "Polepole mama, polepole." Kikatoka kizima. Ile pete ya udongo haikutoka; ilivunjika vipande vidogovidogo, ikachanganyika na udongo mwingine, na hata mimi na rula yangu tusingeweza kuitenga tena. Mzee Ramadhani alikuwa amekuja kutazama. Alivua kofia, akaomba apewe chungu, akakibeba yeye hadi mlangoni kwa Haboba, akakiweka chini, akarudi bila kuingia. Bomba likalala. Mtaro ukafukiwa. Jioni ile Haboba hakutoka nje, nami sikubisha hodi. Nilisimama mlangoni, nikamsikia akisogeza vyombo mle ndani, akivirudisha, akivisogeza tena.

Siku chache kabla kazi yangu haijaisha alinikuta nafunga vifaa. Alikuwa na jembe mkononi, jembe la kweli, si la mapambo.

"Wewe Serikali. Nataka kuchimba."

"Wapi, Haboba?"

Akaonyesha pembe ya ua wake, nyuma ya jiko, mahali ambapo hakuna mstari wa mtu yeyote. "Saida atazaa mabinti. Watakaa wapi?"

Nitaungama kwamba jambo la kwanza lililonijia ni sharti. Nilianza kumweleza, na nilijisikia nikieleza: hii ni ardhi ya jamii, uchimbaji wowote, hata mdogo, lazima waangalizi wawe wawili. Alinisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayemsikiliza mtoto akikariri.

"Wa ofisi yupo?"

Nikajitazama. "Yupo."

"Wa jamii yupo?"

"Yupo."

"Basi serikali ichimbe. Mimi mgongo unauma."

Akavuta kiti chake akaketi. Nilivua riflekta nikachukua jembe. Sikupima. Udongo ulikuwa mwekundu na laini kuliko nilivyotarajia, ukitoka na vigae vya sahani, kifungo, punje za mkaa, vitu vya watu waliokula na kuvaa na kupika pale, na kila nilipoinua jembe juu zaidi nilisikia sauti yake nyuma yangu.

"Polepole, binti. Hapa kunaishi watu."